Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya noti zetu: zinakanyagwa ukumbini, hasara analipa mpika pilau

Kwa: Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania, Waziri wa Fedha, na wakuu wa benki za biashara nchini

Kutoka kwa: muuza duka na wakala wa fedha, Ngamiani, Tanga

YAH: KUHARIBIWA KWA NOTI KATIKA SHEREHE, NA WANYONGE KUBEBESHWA HASARA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanamke wa Ngamiani, nauza duka la rejareja, huu mwaka wa 19. Mchele, unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni za vipande. Pembeni ya kaunta nina kidirisha cha uwakala wa pesa za simu. Kutwa nzima nashika noti. Nikifumba macho ukaniwekea noti kiganjani nitakwambia imetoka kwa nani: ya muuza samaki ina unyevu na chumvi, ya konda imekunjwa kwa urefu kama ukili, ya fundi wa gereji ina grisi, ya mama wa vitumbua imelainika kwa mafuta. Zote nazipokea. Barua hii sikuiandika kuwashitaki hao.

Naiandika hadharani kwa sababu nimekwisha lalamika faraghani na sikusikika. Mambo yalikuwa hivi.

Mfunguo mosi uliopita nilialikwa harusi katika ukumbi mmoja hapa mjini. Ilipofika zamu ya kutunza, yaani kuwapa maharusi zawadi ya fedha, bwana mmoja alipanda mbele na kibunduki cha plastiki kilichojazwa noti za elfu kumi, zile vijana wanazoziita wekundu wa Msimbazi, akazifyatua juu ya vichwa vya maharusi. Mshereheshaji akawaita wengine wenye nazo. Wakaja. Noti zikawa zinamwagika kama majani ya mwembe, na watu wakacheza juu yake, wanawake kwa viatu vya visigino vyembamba, wanaume kwa soli, soda na keki vikimwagikia humohumo. Bibi harusi alikumbatia shada ambalo kila ua lake ni noti. Ngoma ilipoisha, vijana wawili walikuja na mafagio wakazifagia zile noti, wakazizoa na vumbi lake, wakazitia kwenye sinia.

Asubuhi ya pili alinijia dukani jirani yangu, bibi mtu mzima, mpishi wa shughuli. Ndiye aliyepika pilau ya harusi ile, amekesha na kuni na moshi. Ujira wake alilipwa kutoka kwenye lile sinia. Alitaka kumtumia mjukuu wake anayesoma Lushoto shilingi 60,000. Akanihesabia noti tano za elfu kumi na mbili za elfu tano. Nikazitazama: moja imetobolewa na kisigino katikati, mbili zina gundi iliyoganda, nyingine zina meno ya stepla na michaniko. Nilijua zimetoka wapi. Lakini ni mkubwa wangu, amenyoosha mkono, na mtoto anasubiri ada. Nikazipokea, nikatuma. Kamisheni ya muamala ule haikufika hata shilingi elfu moja.

Siku hiyohiyo nilipeleka mauzo yangu benki. Karani alinirudishia noti kumi na moja, jumla shilingi 64,000: zile saba za bibi, na nne za elfu moja zilizochakaa tu kwa kazi. Akasema, "Dada, hizi hatuchukui, peleka Benki Kuu." Nikaomba kuonana na meneja wa tawi, akanijibu kwa adabu jibu lilelile. Nikaandika barua, nikagongewa muhuri wa kupokelewa, sikujibiwa. Nikaandika tena makao makuu ya benki hiyo kwa barua pepe, mara mbili. Kuhusu ukumbi, nilikwenda ofisi ninayoamini inahusika na vibali vya shughuli. Aliyenisikiliza alicheka, akaniuliza kama na mimi sitaki kutunzwa. Sitataja majina. Sitafuti kumfukuzisha mtu kazi.

Hoja zangu ni hizi.

1. Kutunza si kumwaga.

Naanza na hili maana najua nitaambiwa nachukia furaha za watu. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimelelewa kwenye taarabu, na nimemwona marehemu mama yangu akijiandaa kwenda kutunza. Siku hizo noti iliandaliwa tangu nyumbani. Mama aliinyoosha juu ya paja, akaikunja mara moja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Ukumbini alikaa akasubiri. Wimbo ungepigwa beti tatu, hainuki. Ulipofika ubeti wake, ule aliotaka fulani wa safu ya pili ausikie vizuri, ndipo aliposimama, akafungua pindo taratibu, akaenda mbele kwa mwendo wa ngoma, noti ameishika juu kwa vidole viwili. Akamzunguka mwimbaji, akaiweka mkononi mwake, akarudi kukaa. Noti moja. Fulani alijua amepewa ujumbe wake, na ukumbi mzima ulijua. Noti ile ikianguka chini ilikuwa aibu kwa mtoaji na mpokeaji, na mtu wa karibu aliinama haraka kuiokota na kuipangusa.

Hiyo ndiyo mila. Noti ilikuwa neno, na neno halikanyagwi.

Nakiri tulianza kuteleza zamani kidogo. Ilikuja pini. Kwenye singo na kicheni pati tukawa tunambandika mwari noti kifuani kwa pini, na mimi nilibandika. Tundu la pini ni dogo, tukaona si kitu. Baada ya pini ikaja stepla. Baada ya stepla ikaja gundi ya moto. Hayo mashada yanayouzwa sasa kwa ajili ya harusi, mahafali na siku ya wapendanao hutengenezwa hivi: noti hukunjwa pembe kuwa petali, hubanwa kwa stepla au gundi kwenye kijiti, hufungwa na nyingine tano au sita likatoka ua. Linapendeza, sikatai. Lakini noti ni nyuzi za pamba, na gundi ya moto inaingia ndani ya nyuzi. Siku ya kulifumua shada, noti inabanduka na ngozi yake, wino unabaki kwenye gundi. Na linafumuliwa tu, maana aliyepewa shada la laki mbili ana kodi ya nyumba.

Mama yangu asingeutambua upotoshaji huu wa kanga yake. Anayeniambia namwaga mila za pwani, namwomba akawaulize wazee wa pwani.

2. Uharibifu ni wa namna mbili, na anayeadhibiwa ni mmoja.

Hapa ndipo penye uchungu wangu, kwa hiyo mnivumilie nikae kidogo.

Noti huharibika kwa dhiki. Mvuvi hana pochi ya ngozi, anaitia kwenye mfuko wa plastiki na maji yanaingia. Mama wa sokoni anaisundika kwenye sidiria kwa sababu ndipo mahali peke yake ambapo mwizi haingizi mkono kwa urahisi. Konda anazikunja katikati ya vidole ili mkono mmoja ushike bomba la daladala na mwingine utoe chenji. Mkulima wa Handeni anaifukia kwenye kopo, mchwa wanaifikia. Mtoto anapewa ya kwenda dukani, anaifinyanga mpaka inakuwa kidonge. Hawa hawaiharibu noti; wanaitumia kwa namna maisha yao yanavyowaruhusu. Wengi wao nimewaona wakiinyoosha kwa kiganja kabla ya kunipa, wakaomba radhi: "Samahani dada, imechoka kidogo."

Halafu noti huharibika kwa majivuno. Anayefyatua kibunduki ana pochi, ana akaunti, ana gari lenye droo. Anaichana kwa sababu kuichana ndiko kunakomwonyesha kuwa anazo. Wapo pia wanaoiandika: namba ya simu, jina la mpenzi, tarehe ya harusi, hesabu ya vitunguu. Huyo wa vitunguu namsamehe, hakuwa na karatasi.

Sasa tazameni nani anapata adhabu. Bwana wa kibunduki anapigiwa vigelegele na picha yake inasambaa kwenye simu. Noti aliyoiumiza haibaki kwake hata dakika tano. Inashuka kwa mwimbaji, kwa mshereheshaji, kwa mpambaji, kwa mpishi, kwa muosha vyombo, na huko chini ndiko inakokataliwa. Mpika pilau akipeleka noti yenye tundu la kisigino sokoni anaangaliwa kama mwizi. Na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu, inasema kuharibu noti kwa makusudi ni kosa. Sheria ipo. Mimi katika miaka yangu hapa mjini sijamwona mtu wa ukumbini akiulizwa hata swali moja.

3. Kubadilishiwa noti kumekuwa hisani.

Tunaambiwa noti iliyochakaa tuipeleke benki yoyote. Tunapofika, kila dirisha lina sheria yake. Karani wa asubuhi anaipokea noti yenye selotepu, wa mchana anaikataa. Mmoja anasema namba zote mbili zionekane, mwingine anasema moja yatosha, wa tatu anasema amejaza kiasi chake cha siku. Hakuna karatasi ukutani. Mteja mwenye kanga na kapu hawezi kubishana na kioo.

Halafu unaambiwa nenda Benki Kuu. Benki Kuu ina ofisi Dodoma, Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Mbeya, Mtwara na Zanzibar. Mimi niko Tanga. Dar es Salaam au Arusha, kote ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Ndugu wa Kigoma yuko mbali kuliko mimi. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula na siku ya duka kufungwa, kwa ajili ya noti za shilingi 64,000?

Kwa hiyo watu hawaendi, na noti mbovu haifi, inahama. Inakunjwa ile sehemu iliyochanika iwe ndani, inapewa konda usiku. Anatumwa nayo mtoto, kwa kuwa mtoto hawezi kukataa chenji ya mtu mzima. Inatiwa kwenye kapu la sadaka. Waulizeni wahasibu wa misikiti na makanisa wanakuta nini wakimimina kapu. Watu waaminifu kabisa, wanaoswali na wanaosali, wamefundishwa na noti zetu kudanganyana. Mimi mwenyewe zile noti nne za elfu moja ningeweza kuzipitisha siku moja tu jioni, taa zikiwa hafifu. Sikufanya, lakini nawaelewa wanaofanya.

Shemeji yangu ni dereva wa malori, anapita Tunduma mpaka Lubumbashi, Kongo. Anasimulia kuwa kule dola yenye mchaniko mdogo kama ukucha hukataliwa, huku faranga iliyolegea kama kitambaa cha jikoni inapita mkono kwa mkono. Muuzaji anaikagua dola juani kama anayechagua mchele. Nilimsikiliza kama anayesimulia mambo ya mbali. Sasa naona wenye maduka wenzangu wanaanza kuikagua elfu kumi yetu hivyohivyo.

4. Yupo asiyeona.

Nina mteja mzee, haoni, anasuka vikapu. Noti anaijua kwa kidole. Wino wa noti mpya umeinuka, ukiupapasa unausikia, na yeye kwa kidole gumba anatofautisha elfu tano na elfu mbili kabla mimi sijaangalia. Noti iliyokanyagwa, ikasuguliwa sakafuni, ikaganda gundi, kwake ni karatasi bubu. Siku moja alinipa elfu kumi akidhani ni elfu mbili. Nilimrudishia. Sijui ni wangapi walimpokea wakanyamaza.

Nimeona watu wazima wakizisugua noti kwa makusudi kutafuta uongo wake. Mwaka 2011 noti zilizopo sasa zilipokuwa ngeni, watu walizisugua kwenye karatasi nyeupe, wakaona rangi imebaki, wakapiga kelele kwamba ni bandia. Benki Kuu ikaeleza kuwa uchapaji ule wa wino ulioinuka ndivyo ulivyo. Maelezo yalikuwa ya kweli, lakini yalifika wakati noti nyingi zimeshasuguliwa.

5. Elfu moja imechoka.

Noti inayofanya kazi kuliko zote ni ya elfu moja. Ndiyo nauli, ndiyo chumvi na kiberiti, ndiyo chenji ya kila kitu. Ilivyo leo ndivyo ilivyokuwa ya mia tano. Mwaka 2014 mlileta sarafu ya shilingi 500 kwa sababu noti yake ilikuwa inapita mikono mingi na kuchakaa haraka. Sisi wenye maduka tuliishukuru sarafu ile. Uganda wanayo sarafu ya shilingi 1,000 yao tangu 2012. Sisemi tuige kila kitu cha jirani, na thamani zetu si sawa, lakini naomba jambo hili litazamwe na watu wanaojua hesabu zake.

Najua mtakayonijibu, kwa sababu nimekwisha jibiwa hivyo na walio chini yenu.

Mtasema fedha ni ya mtu, afanye atakalo. Thamani ni yake, hilo nakubali. Akitaka kumpa bibi harusi milioni kumi ampe. Karatasi si yake. Noti zetu zinachapwa nje ya nchi na gharama yake inalipwa kwa fedha za kigeni, fedha za umma, pamoja na kodi ya duka langu. Kila noti inayofagiliwa ukumbini kabla ya siku zake, sote tunaichangia mpya.

Mtasema watu wahamie kwenye simu. Mimi ndiyo hiyo simu! Kidirisha changu kipo kwa sababu pesa ya simu lazima iingie ikiwa noti na itoke ikiwa noti. Mjukuu wa Lushoto alipokea ujumbe, kisha akaenda kwa wakala mwenzangu kuchukua karatasi. Muuza mchicha hatoi risiti ya simu kwa fungu la shilingi mia tano.

Mtasema haiwezekani kuusimamisha ukumbi mzima. Nigeria ni nchi ya sherehe kuliko sisi, na kumwagia watu noti kwao ni desturi kubwa. Sheria yao ya Benki Kuu ya mwaka 2007, kifungu cha 21, inakataza kuirusha naira, kucheza juu yake na kuikanyaga, na Aprili 2024 mtu mmoja maarufu alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kosa hilo. Nasema hivi kuonyesha kuwa inawezekana, si kwamba natamani kifungo. Magereza yetu yana watu wa kutosha, na naogopa sheria ikianza kukamata itamkamata kwanza mama aliyeitia noti kwenye sidiria.

Mtasema elimu inatolewa. Ni kweli, nimewahi kufika banda lenu Sabasaba, vijana wenu wananieleza vizuri mno jinsi ya kuitambua noti halali, na nilirudi na kipeperushi nikakibandika dukani. Mpika pilau hafiki Sabasaba. Mwenye ukumbi anafika ofisini kwenu kwa mambo mengine kila mwaka, mwelezeni yeye.

Na mtasema hakuna utaratibu wa kuzifuata noti mbovu wilayani. Hili silikubali kabisa, kwa sababu nimeona mkiweza. Kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 mliziondoa noti za zamani za kuanzia mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na ile noti ya mia tano. Miezi mitatu. Matangazo yalifika mpaka sokoni, na benki zote za biashara zilielekezwa kuzipokea. Niliwaona wazee wakitoka na noti zenye harufu ya karafuu na mbao za sanduku, wakabadilishiwa. Mashine hiyohiyo naomba iwashwe tena kwa ajili ya noti zilizoumia, hata kama ni kwa siku chache tu za mwaka.

Kwa hiyo naomba haya, na nayaomba kwa mpangilio wa uzito wake kwangu.

La kwanza, kila tawi la benki libandike ukutani, kwa Kiswahili chepesi na kwa picha, ni noti ipi inapokelewa na ipi haipokelewi: imebaki kiasi gani, namba gani zionekane, selotepu ni sawa au si sawa. Karani akikataa, aandike sababu kwenye karatasi na kuweka sahihi. Karatasi hiyo tu ingenitosha mimi nisiandike barua hii.

La pili, ziwepo siku za kubadilisha noti kwenye masoko ya wilaya. Muheza, Korogwe, Pangani, Lushoto, na wenzetu wa mikoa mingine isiyo na ofisi yenu. Mawakala tutawasaidia kuita watu, bure.

La tatu, ukumbi unapopewa kibali, uwe na sharti moja lililoandikwa: noti hazirushwi, hazikanyagwi, na pawepo na kapu au bakuli la kutunzia mbele ya maharusi. Akikiuka, atozwe mwenye ukumbi faini, maana yeye ana anwani. Washereheshaji wapewe semina. Mshereheshaji mmoja akisema kwenye kipaza sauti "tumtunze mkononi, jamani," watu watamtunza mkononi. Mimi nimeshuhudia kwenye harusi ya binti wa dada yangu. Tulimwomba mshereheshaji hivyo, tukaweka ungo uliotandikwa kanga mpya, na watu wakaja mmoja mmoja wakicheza, kila mmoja akapata muda wake wa kuonekana. Utunzaji huo ulichukua muda mrefu kuliko kumwaga, na ulikuwa utamu wa shughuli. Hakuna noti iliyochanika.

La nne ni lile la sarafu ya elfu moja, ambalo nimekwisha lieleza.

Zile noti kumi na moja zipo kwenye bahasha ya kaki, droo ya juu, na nakala ya barua yenye muhuri. Bibi mpika pilau sijamwambia kuwa zilikataliwa, na namwomba yeyote wa Ngamiani atakayeisoma barua hii asimwambie. Nitakayemwona amekuja kuzikagua noti hizi kwa niaba yenu nitampa kiti na maji. Dukani nafungua saa 2 asubuhi, isipokuwa Ijumaa mchana nafunga kwa ajili ya sala.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwenye duka na kidirisha cha uwakala,
Ngamiani, Tanga